Naomba ushauri: mchapishaji anataka "haki zote" za kitabu changu, nisaini?

Mchora_Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza vitabu vya hadithi vya watoto, vile mtoto akifungua kidirisha anamkuta sungura kajificha, akivuta utepe mamba anaachama, na ukurasa wa kati kivuko cha Kigamboni kinasimama chenyewe. Nafanya kwa mkono, kimoja siku mbili, nauza 35,000. Mwezi mzuri vinatoka vinane. Januari, na ada za shule zile, kilitoka kimoja.

Sasa kuna mchapishaji kaja na milioni moja na nusu taslimu. Anachukua faili, vielelezo vya kukatia, na mkataba umeandikwa "haki zote". Kodi ya nyumba imefika, mume anasema saini. Moyo unasita.

Gundi_Kavu:
Siku mbili kwa 35,000, bado karatasi na gundi? Dada, unawafadhili wateja.

Mzee wa Gerezani:
Nimekula chumvi nyingi kwenye uchapaji. Kitabu cha kusimama hakikutoi jasho kwenye rangi, kinakutoa kwenye kubandika. Mashine inachapa na kukata maumbo haraka tu, ila hata viwanda vya China vinavyochapa vitabu hivi kwa wingi, vipande bado vinabandikwa kwa mikono. Kwa hiyo muulize huyo bwana: nani atabandika, na kwa shilingi ngapi? Halafu angalia nyuzi za karatasi zimelala upande gani kabla ya kukunja. Ukikunja kinyume cha nyuzi, mkunjo unapasuka, na kivuko chako kitazama mapema.

Wakili_Mbagala:
Usisaini hivyo ulivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipochora, hata kama hujasajili popote, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Ndiyo uzitoe haki zote kwa kodi ya nyumba? Mpe ruhusa yenye mipaka: kitabu cha karatasi, Kiswahili, miaka mitano, na asilimia yako kwa kila nakala. Programu ya simu, katuni na tafsiri baki navyo. Pitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili, siku ya ugomvi utakuwa na ushahidi.

Mume_wa_Mtu:
Mawakili nanyi! Mwenye nyumba anapokea asilimia?

Wakili_Mbagala:
Aombe malipo ya awali, yakatwe kwenye asilimia baadaye. Mbona yapo.

Mama Wawili:
Mimi mteja wako. Mdomo wa mamba uling'oka siku ya pili. Vidirisha viko imara mpaka leo, sasa mwanangu mdogo ndiye anavifungua. Punguza tepe.

Mchora_Tandika:
Mama Wawili, njoo PM nikupe mamba mwingine, bure.

Mzee, nimempigia nikamuuliza nani atabandika nakala elfu mbili. Kimya. Halafu akasema, "Si wewe?"

Mume alikuwa anasikiliza. Kalamu kaificha mwenyewe.