Mdogo wangu ni bingwa wa tenisi, kifundo cha mkono kimeharibika na kocha anataka adungwe sindano acheze. Naombeni ushauri

DadaMkubwa

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo yamenifika shingoni.

Mdogo wangu ana miaka 23, anacheza tenisi ya kulipwa. Ubingwa wa taifa ameuchukua mara tatu mfululizo na sasa yuko nafasi ya 160 na kitu duniani. Kwa msiofuatilia, nafasi hiyo haikuingizi Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote, moja kwa moja, ila inakupa kucheza mchujo. Mchujo wake wa kwanza umebakiza wiki tatu. Ni siku tunayoisubiri tangu akiwa na miaka saba, raketi anaiburuza chini kwa sababu inamlemea.

Tatizo ni kifundo cha mkono wa kushoto. Anatumia kulia, lakini bekihendi, pigo la mipira inayokuja kushoto kwake, anapiga kwa mikono miwili, na hapo mkono wa kushoto ndio unaobeba kazi. Maumivu yalianza miezi miwili iliyopita, upande wa kidole kidogo. Akawa anafunga bendeji, anachua, anaendelea. Mashindano yaliyopita alifika nusu fainali, seti ya tatu akaiacha kabisa bekihendi yake. Kila mpira uliokwenda kushoto kwake akawa anaukata kwa mkono mmoja. Akatolewa. Waliokuwa jukwaani walidhani ni mbinu.

Mimi niligundua kwa chupa ya maji. Sasa hivi anakaa kwangu. Nikamwona ameibana chupa katikati ya magoti, anazungusha kifuniko kwa mkono wa kulia. Nikamuuliza, akacheka. Nikamgusa pale kwenye kile kifupa kilichotokeza, akauvuta mkono kama aliyeshika jiko. Hapo hakucheka tena.

Kipimo cha MRI kimeonyesha gegedu ya kifundo imechanika upande huo, na ala inayoshikilia kano ya pale imelegea. Daktari wa kwanza anasema avae gango wiki sita, ikishindikana ndipo apasuliwe. Wa pili anasema apasuliwe sasa, asipoteze muda. Kocha na meneja wana lao: adungwe kotisoni siku mbili kabla ya mechi, acheze mchujo, mengine baadaye. Wanasema nafasi kama hii hairudi.

Mwenyewe haongei. Usiku wa manane nasikia mpira unadundwa sakafuni chumbani kwake, tu, tu, tu, hadi nalala.

Nimshauri nini? Wazazi hawapo, mimi ndiye mkubwa. Matusi sitaki, hata kwa kocha. Amemlea huyu mtoto.

MzeeWaNyavu

Pole sana dada. Jeraha hilo lina historia ndefu kwenye tenisi, na haina jibu moja.

Juan Martín del Potro alichukua US Open 2009 akiwa na miaka 20, akimfunga Federer fainali. Baadaye kifundo cha kushoto, kilekile cha mdogo wako, na kwa bekihendi hiyohiyo ya mikono miwili, kikampasulisha mara tatu kati ya 2014 na 2015. Alikaribia kuacha. Aliporudi 2016 alikuwa ameporomoka hadi zaidi ya nafasi ya 1,000, na bekihendi alikuwa anaikata kwa mkono mmoja muda mwingi kwa sababu ya kuulinda ule wa kushoto. Kwa kuikata hivyohivyo akaenda Olimpiki ya Rio, akamtoa Djokovic raundi ya kwanza na Nadal nusu fainali, akarudi na medali ya fedha. Mwaka 2018 akafika nafasi ya 3 duniani na fainali ya US Open. Kilichommaliza mwishoni ni goti.

Mwingine ni Dominic Thiem, bingwa wa US Open 2020. Kifundo cha kulia kilimwumia Juni 2021, Mallorca, akiwa kwenye mechi. Yeye hakupasuliwa. Alivaa gango, akapumzika, akarudi 2022. Forehendi ile, pigo la upande wa kulia, iliyokuwa inatisha haikurudi kamwe, na mwaka 2024 akastaafu akiwa na miaka 31.

Kwa hiyo anayekuambia kisu ndiyo dawa, mwambie habari ya upasuaji mara tatu. Anayekuambia gango linatosha, mwambie habari ya Thiem. Lakini angalia kitu kimoja: kati yao hakuna aliyepona kwa kuendelea kucheza.

Fizio_Kimya

Nafanya kazi na wanamichezo. Siwezi kumtibu mtu kupitia uzi, ila naomba majibu mawili.

Moja, mwambie akae kwenye kiti chenye mikono, aweke viganja juu yake na kuinuka kwa kusukuma. Anaweza?

Mbili, akikunja kiwiko na kugeuza kiganja cha kushoto kiangalie juu kama anayepokea kitu, kuna kitu kinaruka pale pembeni? Mlio kama "tok"?

Kuhusu kotisoni: inapunguza uvimbe na maumivu, haiungi kilichochanika. Na dawa hiyo ikiwekwa karibu na kano inaweza kuidhoofisha. Kano iliyolegea, iliyonyamazishwa maumivu, halafu ikapigishwa bekihendi mia kadhaa kwa siku... mimi nisingekuwa na amani kukaa jukwaani. Maumivu ndiyo breki yake sasa hivi. Mnataka kumkatia breki kisha mteremke mlima.

SetiYaTano

Naona uoga umetawala humu. Nadal alichukua Roland Garros 2022 mguu ukiwa umekufa ganzi! Alikuwa anadungwa kabla ya mechi, na kombe akabeba. Bingwa ni bingwa. Mchujo wa Grand Slam mtu anaweza kuusubiri miaka kumi. Acheze.

MzeeWaNyavu

SetiYaTano, maliza hadithi basi. Nadal siku ile alikuwa na miaka 36 na lile lilikuwa kombe lake la 22 la Grand Slam. Alikuwa ameshajenga nyumba, anapigania paa. Na baada tu ya fainali alisema mwenyewe kwamba hawezi kuendelea kucheza kwa sindano za namna ile. Tena tatizo lake lilikuwa la mfupa wa mguu wa muda mrefu, na sindano zilikuwa za kutia ganzi neva. Huyu kijana ana kano inayotaka kutoka kwenye ala yake. Ni vitu viwili tofauti.

SetiYaTano

Sawa mzee, nimekusoma. Lakini hela ya mchujo mtamlipa nyie?

Mwamuzi_Mstaafu

Swali la hela ni la haki, tusilikwepe. Ila dada, kuna mambo mawili ambayo meneja ama hayajui ama hajakwambia.

La kwanza ni hiyo sindano. Tangu Januari 2022 sindano za kotisoni na ndugu zake zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, popote zinapodungwa, iwe kwenye kiungo au pembeni ya kano. Na wakati wa mashindano unaanza kuhesabiwa saa 5:59 usiku wa kuamkia siku yenyewe. Dawa hizi zinachukua muda kutoka mwilini, na muda huo unategemea aina ya dawa na ilipodungwa. Kuna inayohitaji siku chache, na kuna ambayo ikiingia kwenye msuli inahesabiwa hadi siku 60. Siku mbili kabla ya mechi, bila kibali cha matibabu, ni kumtafutia kijana kesi ya dawa zilizokatazwa. Jeraha anaweza kupona. Jina likichafuka, je?

La pili ndilo muhimu zaidi. ATP, chama kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume, wana utaratibu wa kumlindia majeruhi nafasi yake. Mchezaji akikaa nje miezi sita au zaidi, anaomba kwa maandishi, na akirudi anaruhusiwa kuingia mashindano kwa wastani wa nafasi alizokuwa nazo katika miezi mitatu ya kwanza tangu aliposimama. Akikaa nje chini ya mwaka, anapewa mashindano tisa au miezi tisa ya kuitumia. Haimpi upendeleo wa kupangwa mbali na vigogo kwenye droo, inamwingiza tu mlangoni.

Sasa piga hesabu. Akisimama leo akiwa wa 160 na kitu, atakaporudi anaweza kuingia tena mchujo wa Grand Slam kwa nafasi hiyohiyo. Akicheza miezi mitano na mkono mbovu, akitolewa raundi ya kwanza kila wiki, pointi za mwaka jana zinadondoka, anasimama akiwa wa 320. Hiyo 320 ndiyo itakayolindwa. Kocha anasema nafasi hairudi, kumbe kusimama mapema ndiko kunakoirudisha.

DadaMkubwa

Mwamuzi, nimesoma ujumbe wako mara nne. Hakuna aliyewahi kutuambia hili. Hakuna!

Fizio: kwenye kiti ameshindwa. Aliinuka nusu, akakunja uso, akarudi kukaa. Na hiyo "tok" ipo. Nimeisikia mimi mwenyewe nikiwa upande wa pili wa meza.

Nimempigia kocha kuhusu sindano. Alikaa kimya muda, halafu akasema alikuwa hajui sheria imebadilika. Namwamini. Meneja yeye amesema "tutaangalia daktari mwingine". Huyo sijamwelewa.

Fizio_Kimya

Majibu hayo yananionyesha kusubiri hakufai. Kiungo kinachoshindwa kubeba uzito na kano inayoruka, mimi ningemtaka amwone daktari wa mifupa aliyebobea kwenye mikono, siyo wa mifupa kwa jumla. Kifundo ni kidogo lakini kina mifupa minane midogo pale tu, na MRI yenyewe wakati mwingine haionyeshi mchaniko wote hadi kamera iingizwe ndani ya kiungo. Aulizwe hivi: kano na gegedu vitashughulikiwa kwa pamoja? Mkono utafungwa muda gani? Nani atasimamia mazoezi baada ya hapo? Mara nyingi ni wiki sita hivi za kufungwa, kisha miezi ya kurudisha nguvu kidogo kidogo. Bekihendi ya mikono miwili ndiyo ya mwisho kabisa kurudi. Akianza kupiga mapema kwa sababu "hauumi", mtarudi humu na uzi mwingine.

KipaWaZamani

Dada, naona mnazungumza kifundo, kocha, meneja, hela. Yeye mmemuuliza?

Mimi nilikuwa kipa wa mpira wa mikono. Bega lilipoharibika, kila mtu aliamua kwa niaba yangu: klabu, kaka yangu, daktari wa timu. Nilicheza mechi ile. Tulishinda. Mpaka leo nguo naanua kwa mkono mmoja. Kinachoniuma kuliko bega ni kwamba sikumbuki kama kuna mtu aliniuliza ninataka nini, na sikumbuki kama ningekuwa na jibu. Kaa naye. Usimpe ushauri kwanza. Akidunda huo mpira usiku, gonga mlango.

DadaMkubwa

Jana usiku niligonga.

Tulikaa hadi karibu alfajiri. Kumbe kilichokuwa kinamtesa siyo mchujo. Anaogopa kwamba akisimama, siku akirudi atakuwa mtu mwingine, mwenye bekihendi ya kuogopa. Nikamwonyesha uzi huu. Alisoma habari za del Potro, akaniomba nimtafutie video ya ile mechi ya Rio. Tukaitazama yote. Kila del Potro alipoukata mpira kwa mkono mmoja alikuwa anasema "ona, ona huyu".

Asubuhi ameandika mwenyewe barua ya kujitoa. Ameonana na daktari wa mikono, tarehe ya upasuaji imepangwa, gango limeshafungwa kuanzia leo. Kocha alikuja, akakaa naye barazani bila kuongea sana. Meneja hapokei simu.

Sasa anataka kuwaandikia. Nampa simu.

DadaMkubwa

Ni mimi mdogo mtu. Asanteni wakubwa zangu, na shikamooni. SetiYaTano, nawe asante, ulikuwa unasema nilichokuwa nakiwaza usiku.

Nina swali la tenisi sasa. Mkono wa kulia ni mzima, na miguu mizima. Thomas Muster aligongwa na gari 1989 goti likaharibika, akawa anapiga mipira akiwa amekaa kwenye kiti alichotengenezewa. Baadaye akashinda Roland Garros 1995. Kwa hiyo mimi kusimama nikapiga forehendi siyo kitu, Fizio akiruhusu. Shida ni sevisi, lile pigo la kuanzisha mchezo. Mpira unarushwa na mkono wa kushoto, na wangu ndio huu uliofungwa. Nifanyeje?

Fizio_Kimya

Kwanza upasuaji. Baada ya hapo daktari akikuruhusu kutokwa jasho, polepole. Kukimbia na kuruka usianze mwenyewe, ukianguka utajishikia na mkono huohuo.

Mwamuzi_Mstaafu

Swali zuri, kijana. Kanuni ya 16 ya tenisi inasema mchezaji anayeweza kutumia mkono mmoja tu anaruhusiwa kuuachia mpira kwa raketi. Laza raketi, weka mpira juu ya nyuzi, urushe juu kwa raketi hiyohiyo, kisha uupige. Wapo wanaocheza hivyo maisha yao yote. Anza ukiwa umesimama tu, usiutafute mpira kwa kukimbia.

DadaMkubwa

Ni mimi mdogo mtu tena. Nimejaribu sebuleni. Wa kwanza umegonga taa.

DadaMkubwa

Sasa ni mimi dada mtu. Taa yangu.