Mugumo wa mtaa ukianguka: ni laana au ni mtaro? Tupeane uzoefu

Mwenye Mada
Wadau, mada hii ni ya wanaojua miti na wanaojua mila. Mitaa mingi ya zamani hapa Nairobi ilikuwa na mugumo wake, yaani mtini mkubwa wa porini: kivuli cha baraza, mahali pa picha za harusi, pa maombi Jumapili alasiri. Sasa inaisha mmoja mmoja, na kila ukianguka mtaa hugawanyika. Hawa wanauliza ni mkubwa gani atakufa, wale wanaulizana kuni zitauzwa bei gani. Ule wa Waiyaki Way, Westlands, uliponea Novemba 2020 wakati wa ujenzi wa Expressway, ile barabara ya juu, baada ya watu kupiga kelele hadi amri ya kuuhifadhi ikatoka. Mingi haina bahati hiyo. Mwenye ujuzi aseme kinachoiangusha, kinachozuilika, na la kufanya mti ukishalala. Tunataka vipimo, sio hekaya.

Mkata Matawi
Mara nyingi ni mtaro. Watu hudhani mizizi ya mti mkubwa imezama chini sana, kumbe sehemu kubwa iko kwenye sentimita 60 za juu na inatambaa kupita mwisho wa matawi. Kipimo cha kazi ni hiki: zungusha kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini, gawanya urefu wake kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha mara 12. Shina lenye mzunguko wa sentimita 314 lina kipenyo cha mita 1, kwa hiyo eneo la kulindwa ni mita 12 kila upande. Sasa angalia mtaro wa bomba la maji taka au nyaya za intaneti unapita wapi. Mita 2 kutoka shina! Upande mzima wa nanga umeondoka.

Mti hauanguki siku hiyo. Majani yanabaki kijani miaka kadhaa kwa sababu vijizizi vya kunywa maji huota upya haraka. Mizizi minene ya kushikilia ndiyo inayooza polepole kuanzia pale ilipokatwa. Halafu inakuja mvua ya Aprili, udongo unalowa na kulegea, mti unalala asubuhi tulivu. Hapo ndipo utasikia "umeanguka bila upepo, kuna jambo". Jambo lipo, ila lilichimbwa na sururu miaka mitano nyuma na kila mtu ameshasahau.

Mjukuu wa Kiambu
Sikatai ya mtaro, lakini msiichezee mila kana kwamba ilikuwa ushirikina mtupu. Kwa Wagikuyu mugumo ulikuwa madhabahu. Wazee walichinjia hapo mwanakondoo kuomba mvua, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Haukukatwa, na kuni zake hazikuingia jikoni. Tena walipofyeka msitu wapate shamba, waliacha mti mmoja mkubwa hapa na pale ili roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa. Ikibidi huo nao ukatwe, fimbo iliegemezwa shinani, kisha ikahamishiwa mti mwingine pamoja na roho zake. Mwanamazingira wa leo akiona shamba lenye miti mikubwa iliyoachwa hivyo atasema hapo pana mbegu na makao ya ndege.

Na wa Thika je? Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wagikuyu, alitabiri kuwa utawala wa Wazungu ungeisha mugumo ule ukianguka. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliufunga vyuma usianguke. Ulianguka 1963.

Mkata Matawi
Mzee, hilo la vyuma nalichukua kama somo la kazi. Ukizungushia shina chuma, gome linaendelea kunenepa na chuma kinajikata ndani, njia ya chakula inazibwa. Tawi zito likihitaji kushikiliwa, hutumika kebo kati ya matawi mawili, ifungwe theluthi mbili ya urefu kutoka panapogawanyika matawi hadi ncha. Usizungushe shina. Kosa la pili ni kujaza tundu kwa saruji: saruji haipindi, mti unapinda, unyevu unakaa katikati na uozo unanona.

Kitalu Kando ya Barabara
La tatu ni kabro, yaani matofali ya kutandaza chini. Mwenye ploti anapanga kabro hadi kwenye gome "pawe pasafi". Chini yake udongo umeshindiliwa kwa mashine, hewa na maji havipiti. Acha udongo wazi kadiri unavyoweza, mwaga majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ila yasiguse shina. Maeneo ya udongo mweusi kama Embakasi yana shida yake: kiangazi unapasuka na kukata mizizi midogo, mvua ikija unavimba.

Binti wa Mto
Nauliza kuhusu maji. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alisimulia kuwa mamake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo, mti wa Mungu, na karibu nao palikuwa na kijito. Mti ulipokatwa, kijito kikakauka. Basi mugumo huleta chemchemi?

Mhaidrolojia
Hauumbi maji, unayanywa pia. Mara nyingi umeota hapo kwa sababu maji yalishakuwa karibu. Kazi yake ni nyingine: mizizi na majani yaliyooza hufanya udongo ufyonze mvua badala ya kuitiririsha. Ukikata, mvua ileile inapita juu na kubeba udongo, na chini haifiki kitu. Kwa hiyo mama yule alikuwa sahihi kuhusu matokeo hata kama sababu aliyotoa ni nyingine.

Na tusichanganye mugumo na mkuyu. Mkuyu, wa mabondeni kando ya mito, una matunda makubwa yanayojazana kwenye shina na matawi manene, na gome lenye umanjano. Mugumo una gome la kijivu, tunda dogo lililokaa kwenye pembe ya jani.

Fundi Kuni
Mti wenye tundu si uangushwe tu?

Mkata Matawi
Hapana. Mugumo mara nyingi huanzia juu ya mti mwingine, mbegu ikidondoshwa na ndege, unateremsha mizizi mpaka unamkaba mwenyeji. Mwenyeji akioza, katikati panabaki wazi. Gonga shina kwa nyundo ya mbao uzunguke lote; panapolia wazi, pima ukuta mzima umebaki unene gani. Ukifika theluthi moja ya nusu kipenyo, kwa kawaida bado unajibeba. Cha kuogopesha kiko chini: uyoga mgumu uliotokeza kama rafu kwenye kitako, au ufa mpya ardhini upande wa pili wa mwegemeo. Ukiona ufa huo, zungushia kamba eneo na uite mtaalamu siku hiyohiyo.

Wakili wa Mtaa
Kwa upande wa karatasi: ndani ya jiji kibali cha kukata huombwa kaunti, na mradi mkubwa unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 1999. Tangazo la NEMA, mamlaka ya mazingira, gazetini hutaja siku za kutoa maoni. Zinahesabiwa tangu tangazo, sio tangu tingatinga lifike, na hapo ndipo wengi hupotezea kesi. Ibara ya 70 ya Katiba haidai uthibitishe kuwa umepata hasara ndipo uende mahakamani. Peleka picha zenye tarehe na vipimo vya mtaro. "Ni mti mtakatifu" peke yake ni hoja dhaifu, lakini ushahidi wa wazee kwamba watu hukusanyika hapo unasaidia.

Mwenye Mada
Na ukishalala?

Kitalu Kando ya Barabara
Usisubiri lori la kuni. Siku hiyohiyo kata matawi yaliyo hai, unene wa sentimita 5 hadi 10, urefu mita 1.5 hadi 2. Ncha ya chini ikate mshazari, ya juu ikate bapa, ili usije ukapanda kichwa chini. Pukuta majani, laza kivulini siku moja utomvu ukauke, kisha zika sentimita 50, mwanzo wa mvua za Machi au Oktoba. Shindilia udongo pembeni kwa mguu. Panda vitano upate viwili. Mbuzi wanapenda machipukizi yake, weka uzio. Na usipande karibu na bomba la maji taka au ukuta wa nyumba, acha angalau mita 10.

Mjukuu wa Kiambu
Ukipanda, mwite mzee mmoja aegemeze fimbo. Haikugharimu kitu.