Tupeane uzoefu: mwani ulipovamia mimea ya tangi lako la samaki, ulifanyaje?

Jani_Bichi: Wadau, leo nimeona mmea wa anubiasi wa rafiki yangu umeota ndevu nyeusi kwenye kingo za majani, nikakumbuka vita yangu. Unasugua kwa kidole, hazitoki. Nani alizimaliza, na kwa njia gani?

Maji_Baridi: Hizo ndevu ni kiboko. Nipo hapa nasoma.

Kinamasi: Wangu ulikuwa ule mrefu wa kijani, unajisokota kwenye mimea kama nywele. Muuzaji akanipa dawa, akasema mimina yote kwa mkupuo, haina madhara. Nikamimina jioni kama alivyoelekeza. Alfajiri nasikia maji yanapigwapigwa. Nawasha taa, samaki wote wako juu, midomo nje, wanatweta, wengine wamelala ubavu! Mwani ukifa kwa wingi unaoza, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni. Usiku mimea nayo haitoi oksijeni, inaitumia. Nikashika jagi, nachota maji na kuyamimina kutoka juu yashike hewa. Mke wangu anatafuta pampu, mtoto analia akiita samaki wake kwa jina. Tukabadilisha nusu ya maji. Samaki wengi walipona, ila kamba hakubaki hata mmoja. Nasoma maandishi madogo ya chupa: ina shaba. Shaba ni sumu kwa kamba na konokono, na yule muuzaji alijua ninao.

Maji_Baridi: Dah! Pole sana mkuu. Samaki wa mtoto alipona?

Kinamasi: Alipona. Ndiye mkubwa wa tangi sasa.

Taa_Fupi: Poleni. Ila chanzo ni taa. Washeni kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, basi. Na acheni kumwaga mbolea, ndiyo inayolisha mwani.

Mama_Valisneria: Kaka, kwenye mbolea hapana. Mmea wenye njaa ndio unaoshambuliwa. Ukiona vidoa vigumu vya kijani kwenye majani yaliyokomaa, mara nyingi fosfati, kirutubisho cha mmea, imepungua. Mwani unaishi kwa kidogo sana. Ukinyima mbolea, mmea ndio utatangulia kufa.

Taa_Fupi: Mimi niliacha mbolea na mwani ukaisha.

Mama_Valisneria: Na taa ukapunguza wakati huohuo! Utajuaje kipi kilisaidia?

Maji_Baridi: Nyie endeleeni, mimi bado nawalilia kamba wa Kinamasi.

Utando: Wangu ni utando wa kijani-bluu, unanuka tope, unabanduka wote kwa pamoja. Kesho yake umerudi.

Mama_Valisneria: Huo si mwani, ni sianobakteria, yaani aina ya bakteria. Unyonye kwa mpira wa maji, kisha funika tangi giza totoro siku 3, pampu ya hewa iwake muda wote. Ukifunua, badilisha maji.

Taa_Fupi: Hapo nakubaliana na mama.

Sindano: Jani_Bichi, turudi kwenye ndevu. Mwambie rafiki yako atumie haidrojeni peroksaidi ya 3%, ile dawa ya kusafishia vidonda. Azime filta, avute kwa bomba la sindano, adondoshee taratibu palepale penye ndevu, asubiri dakika chache, awashe. Mimi sizidishi mililita 1 kwa lita 4 za tangi. Zikigeuka nyekundu au pinki, zimekufa. Ule ni mwani mwekundu, weusi ni wa machoni tu. Zikishakufa, kamba wa Amano, aina ya kamba wadogo wala mwani, wanazila.

Mama_Valisneria: Asiielekeze kwenye mmea wa valisneria, majani yake yanaungua upesi. Na kama anatumia hewa ya ukaa, aangalie isipande na kushuka ovyo. Ndevu zinapenda hivyo.

Mchanga_Mpya: Tangi langu jipya limeshika unga wa kahawia kila mahali. Nitupe mimea?

Sindano: Usitupe! Hizo ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana, futa tu. Tangi likikomaa zinapungua zenyewe.

Jani_Bichi: Asanteni, nimemtumia yote. Anakata majani yaliyozidiwa, mengine anaanza na sindano. Kinamasi, tangi lako likoje sasa?

Kinamasi: Nimelijaza mimea inayokua haraka, higrofila na seratofilamu, mwani hauna nafasi. Na chupa yenye shaba haiingii tena nyumbani kwangu.

Maji_Baridi: Konokono wangu wa nerita wanakwangua majani vizuri sana, ila usiku wanapanda na kutoka nje ya tangi. Mnawazuiaje?

Taa_Fupi: Mfuniko. Hakuna dawa nyingine.