Naomba ushauri: kupitisha nyaya za swichi ndani ya usukani wa pikipiki

Habari zenu wakuu. Nina Boxer 150, usukani wa chuma wa milimita 22. Nataka nyaya za swichi zipite ndani ya bomba, maana huko nje ni tepu tupu iliyokauka kwa jua, sura mbaya kweli.

Nimeanza na swichi ya kushoto. Soketi haipiti kwenye bomba, nikachomoa pini mojamoja (rangi nilizipiga picha kwanza). Chini ya swichi nimetoboa tundu la milimita 10 na kupiga tupa kingo zisichubue nyaya. Kwa majaribio nikaingiza waya mkuukuu wa klachi kutoka ncha ya kulia hadi kwenye tundu. Wenyewe unapita vizuri, ila nikiufungia fungu zima la nyaya za swichi linakwama kwenye kona ya bomba. Hata sabuni haikusaidia.

Tundu la kutokea bado. Fundi mmoja anasema katikati, kati ya vibano vinavyoshika usukani. Mwingine anasema hapo usukani utakuja kukatika nikiwa barabarani. Nimeweka drili chini.

Je, nitoboe wapi bila kudhoofisha bomba? Na kwenye kona, niweke nyaya nyembamba zaidi? Ya taa kubwa naogopa itapata moto.