Chemba inatapika kila mvua ikinyesha

MamaDuka: Jamani, chemba ya majitaka mbele ya duka langu hapa Kisenyi, Kampala, inatapika kila mvua ikinyesha. Mafundi huja, huchokoa, huondoka. Juzi yameelea maganda ya matoke mpaka mlangoni! Nidai nini?

FundiBomba: Pole dada. Kuchokoa kunatoboa njia tu, tope linabaki. Wafungue chemba inayofuata kwa chini. Ikiwa kavu, kizibo kiko katikati. Wapitishe kamera kabla ya kuchimba.

MzeeWaBugolobi: Mvua tu? Basi huenda kuna aliyeunganisha maji ya paa humo. Hayo ni ya mfereji wa maji ya mvua wa Nakivubo, si ya bomba la majitaka.

MamaDuka: Loo! Gata ya jirani, ya maji ya paa, inaingia ardhini...

FundiBomba: Mwombeni mmwage maji ya rangi kwenye gata, fundi achungulie chembani. Asiingie, hewa ya mle inaua.