Nimesoma masters ya huduma miaka miwili na nusu kwa hela za alizeti za akina mama wa kanisa, kumbe cheti hakitambuliki popote!!

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiutupe uzi huu kule jukwaa la dini, hapa sibishani na mtu kuhusu ubatizo, nazungumzia hela na nimepigwa.

Mi ni mchungaji huku Singida vijijini. Washirika kama 90 baada ya mavuno, wakati wa kilimo wanabaki 60 na mbuzi wa jirani. Digrii ya kwanza ya theolojia ninayo, halali kabisa, niliikalia darasani na hosteli ya kunguni nikailala. Sasa 2021 makao makuu yetu wakasema chuo cha Biblia cha dhehebu kinataka walimu wenye masters, mwenye digrii ajiongeze. Nikasema hewala, Bwana amefungua mlango.

Tangazo likaja kwenye grupu la wachungaji WhatsApp. Masters ya Uongozi wa Huduma, unasoma ukiwa kazini, unaenda Dar mara tatu kwa mwaka wiki moja moja, na chini kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu: CHUO KINA ITHIBATI YA KIMATAIFA. Hayo maneno matatu ya mwisho ndo yameniua. Jina la chuo silitaji, nisije nikaitwa kituoni kwa makosa ya mtandao, halafu kesi inakuwa yangu mimi niliyeibiwa.

Ada milioni 3 na laki 6 kwa mwaka. Mi posho yangu ya mwezi mnaijua nyie mliokulia nyumba za wachungaji. Akina mama wa kanisa wakakaa kikao chao wenyewe, hata mke wangu hakuniambia kinaendelea nini, wakaja Jumapili na risiti ya magunia 22 ya alizeti. Magunia 22! Mwaka wa kwanza karibu nusu ya ada ikatoka hapo, nyingine nikauza ng'ombe mmoja na nyingine nikakopa kwa shemeji ambaye mpaka leo simu zake nazipokea nikiwa nimesimama. Msimu wa 2023 bei ya alizeti ikashuka vibaya lakini bado walitoa, walitoa wakinung'unika ila walitoa.

Haya, darasani. Chuo kipo ghorofa ya pili juu ya duka la simenti. Ukutani pale mapokezi kuna cheti kwenye fremu nzuri yenye taa, kila mwanafunzi mpya anapiga nacho picha. Mwaka wa pili ndo nikakisoma vizuri, ni cha BRELA. Yaani kampuni imesajiliwa! Hata genge la nyanya likitaka linasajiliwa BRELA, hiyo siyo ithibati ya chuo kikuu jamani. Najilaumu sana, kwanini sikukisoma siku ya kwanza, mtu mzima, nina digrii.

Dalili zilikuwepo nyingi tu. Mwenzangu mmoja aliingia masters na cheti cha Biblia cha miezi 9, hana digrii ya kwanza, wakasema wanatambua "uzoefu wake wa kihuduma". Kigiriki tulifundishwa siku mbili. Siku mbili! Siku ya kwanza alfabeti, ya pili tukaimba alfabeti. Kiebrania tukaambiwa kuna programu ya simu. Mwalimu wa uongozi anatuonyesha slaidi za kanisa lenye wafanyakazi 40 wa kuajiriwa na utaratibu wa kuongoza magari parking, mi kanisani kwangu chombo cha usafiri ni baiskeli ya mzee wa kanisa na ile nayo inaegeshwa kwenye mwembe. Hamna hata somo moja la jinsi ya kukaa na familia mbili zinazogombea shamba na zote mbili ni waimbaji kwaya, hamna mahesabu ya sadaka, hamna namna ya kumzika mtu ambaye ndugu wanasema karogwa. Ndo uongozi wa huduma huo nilioufuata mimi, sio parking.

Supavaiza sasa, huyo ndo kiboko. Nilipeleka proposo akakaa nayo miezi 7, nikipiga simu "nipo kwenye maombi mtumishi", nikituma meseji ananirudishia ile mikono miwili ya kusali. Baada ya miezi 7 akaniandikia sentensi moja: badilisha fonti. Huyo anaitwa Daktari, na udaktari wenyewe ni wa heshima alioupata hapo hapo chuoni, maana mahafali yetu walikuwa wanatoa wa heshima kwa dola 1,500, ukilipa kabla ya tarehe fulani unapunguziwa. Sitanii. Kuna mtume mmoja alivikwa joho saa nne asubuhi, saa sita tayari bango lake la mkutano linasomeka Dkt.

Mahafali laki 6 na nusu, joho la kukodi laki moja na ishirini, picha mbali. Nikalipa. Ukishafika hapo unalipa tu bwana, utafanyaje.

Narudi na cheti, makao makuu wanasema safi sana mchungaji, lete barua ya utambuzi ya TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, tukupangie masomo ya kufundisha. Sababu cheti kimeandikwa kimetolewa na "seminari mama" ya Marekani, inabidi kiombewe utambuzi kama tuzo ya nje. Nikajaza maombi, nikalipia, nikasubiri. Jibu likaja: taasisi iliyotoa haitambuliwi kwao ilikotoka. Sikulala siku hiyo. Mke wangu alidhani nimefiwa.

Nikaanza kuchimba mwenyewe, kazi ambayo ningeifanya 2021 kwa bando la buku nisingekuwa hapa. Marekani seminari za ukweli nyingi zipo chini ya ATS, chama cha shule za theolojia cha Marekani na Kanada, kipo tangu 1918 na orodha ya shule zake ipo wazi mtandaoni, unaandika jina unaona. Seminari mama yangu haimo. Nikaangalia kwa CHEA ambao wanatambua vyombo vya ithibati, na hicho chombo kilichowapa "ithibati ya kimataifa" nacho hakimo. Nikaingia websaiti ya hicho chombo. Wakuu, namba ya simu ya chombo cha ithibati na namba ya simu ya seminari ni MOJA. Wamejipa wenyewe! Ni sawa na mi nijiandikie barua ya utambulisho toka serikali ya mtaa kisha nijigongee muhuri wa kiazi.

Na cha kuudhi zaidi hawajavunja sheria kule. Kuna majimbo, Florida mojawapo, chuo cha dini kinaruhusiwa kutoa digrii za dini bila leseni ya jimbo ilimradi jina la digrii lenyewe lionyeshe ni ya dini. Kwa hiyo ukiwauliza wanakwambia "tupo kisheria" na ni kweli wapo kisheria, ila kuwa kisheria na kuwa na ithibati ni vitu viwili na hicho cha pili ndo nilichokilipia.

Nikapiga hesabu nyingine ya kujitesa tu. Kwa mfumo wetu wa TCU masters ni ngazi ya 9, kredit zisipungue 180, na kredit moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Mi kwenye daftari langu wiki zote nilizokaa pale juu ya simenti zinafika saa 270, na humo kuna saa za sifa na kuabudu na chai.

UPDATE 1: Naona mshaanza. Mnaosema "Roho Mtakatifu hahitaji masters", nawasikia, mbona Paulo mwenyewe alikaa miguuni pa Gamalieli na hakuficha? Na wewe unayesema wachungaji wote matapeli, mimi hapa ndo nimetapeliwa, soma uzi kwanza ndo ukoment.

UPDATE 2: Aliyeuliza vyuo vya kweli, vipo na havijajificha. Makumira kule Arusha Walutheri wapo pale tangu 1954. Limuru Kenya, St. Paul's, ile shule iliyoanzia Freretown Mombasa ikahamia Limuru 1930. Nairobi kuna iliyokuwa NEGST, ilianza 1983 kama shule ya uzamili ya theolojia, siku hizi ni Africa International University. Kuna ACTEA pia, chombo cha ithibati ya vyuo vya theolojia Afrika, tangu 1976, uliza kama chuo chako wanakijua ila hata wakikijua bado kaangalie na TCU, au CUE, tume ya vyuo vikuu ya kwao, kama ni Kenya. Mbona sikwenda huko? Sababu M.Div, ile masters ya uchungaji, ya kueleweka ni kama miaka mitatu ya kukaa darasani na mi nina kanisa, watoto wanne na shamba. Hao jamaa wanajua hilo, wanamtafuta mtu kama mimi ambaye hawezi kuondoka nyumbani.

UPDATE 3: Wenzangu wa darasa watatu wamenifata inbox. Mmoja anataka tuungane twende kudai. Wa pili anasema nafuta uzi au nafutwa kwenye grupu, "usichafue kazi ya Mungu mtumishi". Wa tatu ndo kaniacha hoi, anauliza hivi kama masters haitambuliki, ile PhD yao ambayo ameshalipia dipozi nayo vipi?

Sasa msaada wangu wakuu, wanasheria mliomo humu. Risiti zote ninazo, lile tangazo la ithibati ya kimataifa nimelihifadhi, lipo na tarehe. Hii naanzia polisi, tume ya ushindani, au mahakamani moja kwa moja? Fomu ya kujiunga tulisaini "ada hairudishwi kwa sababu yoyote", hiyo inanifunga hata kama waliniuzia kitu ambacho hakipo?

Kanisani bado sijasema. Jumapili mhazini wa akina mama kaniuliza cheti nakileta lini, wameshanunua fremu Singida mjini, elfu 18, wanataka kitundikwe pale karibu na mlango wageni wakiingia wakione. Nikamwambia kipo Dar kinasainiwa. Nimemdanganya mama wa watu mchana kweupe na kanzu nimevaa.

Jumatano napanda basi naenda kwenye hiyo ofisi yao. Nitaleta mrejesho.