Mtoto mchanga kupimwa masikio: iwe lazima ama mzazi aamue?

Mama Imani: Wazazi wa Nairobi tujadiliane hii. Mimi nasema kila mtoto apimwe masikio kabla hajatoka wadi, iwe lazima, vile tu tunadungiwa BCG bila kuulizwa. Wangu alizaliwa na manjano makali, akalala chini ya zile taa za bluu siku tisa, akadungwa jentamaisini, ile dawa ya kuua bakteria, na hakuna mtu aliniambia hizo vitu zote zinaweza kugusa masikio. Tukifika nyumbani kila mgeni anamsifu eti mtoto mtulivu, siku moja kifuniko cha sufuria kikaanguka hapo karibu na kichwa chake na yeye akaendelea tu kunyonya, nikacheka. Nilicheka jameni! Mwaka na nusu haongei, shosho akasema wacha, hata babake alichelewa. Tumejua akiwa na miaka mitatu. Na kipimo chenyewe ni kaplagi kadogo kanawekwa sikioni mtoto akiwa amelala, dakika chache, hakuna sindano. Uingereza wanapima kila mtoto tangu 2006.

Baba Twins: Pole sana mama. Lakini "lazima" ni neno zito. Wangu walipimwa siku ya kwanza, mmoja akafeli, wife akalia wiki mbili hali hataki hata kumshika, kurudia tukaambiwa ni yale maji ya kuzaliwa yalikuwa bado sikioni. Tena wanaozaliwa na shida ya kudumu ni kama 1 hadi 3 kwa kila watoto 1,000, na kuna wadi watoto wanalala wawili wawili kitanda kimoja. Nani atalipa, SHA (bima ya afya ya serikali) ama mimi? Na akipatikana unampeleka wapi, kifaa cha masikio unajua bei yake?

Mama Imani: Hayo maji yanajulikana, ndio maana wanangoja siku ipite na wanarudia. Mkeo alihitaji nesi wa kumweleza tu. Lengo ni apimwe kabla ya mwezi 1, ijulikane kwa uhakika kabla ya miezi 3, asaidiwe kabla ya 6. Mimi nilipewa miaka mitatu. Kwa bei hapo nakubaliana na wewe, sheria bila pesa ni karatasi.

Mama Kiziwi: Mimi ni kiziwi na kijana wangu pia. Pimeni, sawa, lakini mnaongea kama kuna matanga. Kifaa cha masikio kikikosekana, mtoto bado anahitaji lugha, na Lugha ya Ishara ya Kenya iko kwa Katiba ya 2010, si ya kuomba. Kama ni lazima, basi siku anapatikana mzazi aonyeshwe pia pa kujifunza ishara. Si aandikiwe tu mashine aende zake.

Mama Imani: Hapo umenigusa dadangu. Saa hii mimi na mtoto wangu tuko na ishara nane hivi, za kujitungia: maji, shosho, lala, gari... Kuna mtu anafunza wazazi jioni huku Eastlands? Natoka job saa kumi na moja.